Sahani Zilizoandikwa Tupu

Mimi Frida nina mdomo, hapa maabara Ifakara hakuna asiyejua. Lakini Jumatano ile mdomo ulinikauka. Nilitoka kula mchana, nikafungua friji, rafu ya juu haikuwa na kitu.

Pale nilikuwa nimeweka sahani tatu ndogo za plastiki. Kila moja ilikuwa na utando mwembamba ndani, ambao huuoni mpaka uinue sahani dirishani. Nimeulea wiki saba. Unapanda seli za binadamu kwenye sahani, zenyewe zinatoa nyuzi na gundi yao, zinajijengea. Zikimaliza unaziosha zote zitoke, kwa sababu ni za mtu mwingine na mwili wa mgonjwa ungezikataa. Unabaki utando mtupu. Mzee Nazari, mgonjwa wenyewe utando ni wake, nilimweleza hivi: wapangaji wamejenga nyumba, tumewatoa, sasa nyama yako ndiyo itahamia. Alicheka mpaka akakohoa. Tangu hapo nikipita wodini ananiuliza, "Binti, nyumba yangu mmeshaezeka?"

Mzee huyo alikuwa mkata miwa, kwao Kisawasawa. Moto wa shambani ulimchoma mguu, kidonda kikagoma kufunga, mfupa ukaanza kuonekana. Dokta Salvatory alipanga kumwekea utando Alhamisi saa mbili asubuhi. Ikishindikana, mguu unakatwa chini ya goti. Mzee mwenyewe aliambiwa, na alikuwa anahesabu siku.

Nilikimbilia chumba cha kuoshea vyombo. Mama Rabia, anayetuoshea vyombo mwaka wa kumi na moja sasa, alikuwa ameinamia karai la jiki.

"Mama Rabia! Sahani zangu ziko wapi?"

"Zipi mwanangu? Zile zilizoandikwa tupu?"

Jamani! Niliandika mimi, kwa mkono wangu, kwa kalamu nyeusi: TUPU. Sisi maabara ndivyo tunavyosema, yaani hazina seli. Nilichungulia karai. Sahani mbili zilikuwa ndani, vifuniko pembeni, zimekwisha kabisa. Nilipiga kelele. Nilimuuliza kama hana macho. Nilimwambia amemkata mtu mguu.

Mama Rabia alijifuta mikono kwenye kitenge, polepole.

"Asubuhi nilikuja kukuuliza, Frida."

Ni kweli, alikuja. Mimi nilikuwa kwenye darubini, nina haraka zangu, hata shikamoo sikumpa. Alisimama mlangoni na trei, akasema mbona hizi kama zina kitu. Nikamjibu bila kugeuka: "Kama imeandikwa tupu ni tupu, tusiulizane ulizane!" Nilipokumbuka hayo nilikaa juu ya ndoo. Nilitamani ardhi inimeze.

"Mbili nilizimwaga, kama ulivyosema," aliendelea. "Ya tatu niliiinua kwenye mwanga nikauona kabisa, kama ule utando wa juu ya maziwa. Mkono ukakataa. Nikuulize tena? Nikaogopa. Iko friji ya chini, nyuma kule. Sijaifungua."

Sikumbuki nilivyofika kwenye friji. Ilikuwepo, kifuniko kimebana, mkanda wake haujaguswa. Nilimpigia Dokta Salvatory nikamweleza yote, sikuficha, na kosa nikalitaja kuwa langu. Akaniuliza zimebaki ngapi, nikamjibu moja.

"Moja haitoshi kidonda chote," alisema. "Lakini mfupa itaufunika. Mguu tunaujaribu. Pembeni itabidi asubiri utengeneze nyingine, wiki saba. Na mzee utamwambia wewe mwenyewe, leo hii."

"Nitamwambia, dokta."

Nilirudi kwa Mama Rabia nimeibeba sahani kwa mikono miwili. Ilikuwa saa tisa mchana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nisamehe."

Alichukua pamba, akaichovya kwenye spiriti, akafuta neno langu taratibu huku mimi nimeshikilia kifuniko kisicheze. Kisha akanipa kalamu.

"Sasa niandike nini?" nilimuuliza.

"Jina la mzee," alisema. "Kitu cha mtu huwa simwagi."