Mbalamwezi Juu ya Pareto

Waithaka mimi simpendi, na msiniambie ni ndugu yangu. Najua. Tumenyonya titi moja. Lakini mwaka ule wa hamsini na tatu, Wakikuyu tulipofukuzwa kwenye mashamba ya wazungu, yeye alipewa bunduki na koti la kulinda shamba, akaanza kuniita "wewe mwanamke".

Jioni moja alitangaza kwamba asubuhi lori litatubeba, na viazi vilivyo ardhini ni vya bwana. Ati vya bwana! Nilivipanda mimi, hapo Dundori baridi inapokata masikio. Mume wangu alikuwa kizuizini, na mtoto wetu Wangare alikuwa na miaka mitatu. Angekula nini huko tunakotupwa?

Giza likiingia, ukionekana nje unapigwa risasi. Ila sisi wanawake tulikuwa na njia yetu. Pareto ya bwana ikichanua maua yake meupe, mbalamwezi hulifanya shamba zima jeupe. Ukijifunika shuka jeupe ukainama kwenye maua, mlinzi anapita karibu asikuone. Tulishaiba viazi vyetu wenyewe hivyo mara nyingi.

Mwezi ulitoka mapema. Nilijifunga shuka, nikapitia mtoni, nikachimba gunia likajaa. Kurudi, mzigo ulikuwa mzito, nikakatiza katikati ya pareto. Mjinga mimi! Maua tulikuwa tumeyachuma mchana ule ule, kwa mikono yetu, na kwa hasira zangu nikasahau. Shamba lilikuwa jeusi tii. Cheupe kilikuwa mimi peke yangu.

"Weka gunia chini," Waithaka akasema.

Hakuwa na mwenzake wala mzungu wa kumwogopa. Nilimwambia ni chakula cha mpwa wake. Akalivuta, likapasuka, viazi vikatawanyika. Nilipiga magoti kuviokota, naye akanikanyaga mkono kwa buti.

"Nimesema ni vya bwana."

Nilimtemea mate kwenye hilo buti. Nikarudi nyumbani mikono mitupu, nikilia kwa uchungu na kumlaani.

Asubuhi tulipakiwa kwenye lori. Waithaka ndiye aliyekuja kufunga mlango wa nyuma. Wangare alipomwona alifurahi, maana alizoea kubebwa naye mabegani, akamwita kwa sauti watu wote wakasikia:

"Mjomba, tutakula nini?"

Waithaka akavuta mnyororo, akafunga.