Ramani ya Siku Mbaya

Kaka yetu alipofariki, pikipiki yake alipewa mdogo wetu wa mwisho, anayesambaza vifurushi mjini. Haikupita muda akaanza kulalamika kwamba imelala. Ukivuta mafuta, inafikiria kwanza. Siku moja alipokuwa anaingia barabara kuu ilichelewa kuondoka, lori likampitia karibu mno na kuondoka na kioo cha pembeni. Mama aliposikia, akanituma niende naye kwa fundi, nisirudi mpaka imerekebishwa.

Tatizo nililijua. Nilikuwepo lilipotengenezwa.

Karakana ya fundi yule ina rola kubwa sakafuni. Pikipiki hufungwa juu yake kwa mikanda, gurudumu la nyuma linazungusha rola, na kompyuta inasoma nguvu inayotoka. Kisha fundi hubadilisha ramani, yaani maagizo yanayoiambia injini ijibu vipi kila unapovuta mafuta. Mwaka jana kaka alikaa hapo mchana kutwa, mkono wa kulia ukitetemeka kwa ugonjwa.

"Shika kama unavyoshika siku mbaya," fundi alimwambia.

"Basi una bahati, siku yenyewe ndiyo leo," kaka akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Fundi akaifundisha injini kupuuza ule mtetemeko. Ukivuta kidogo, haisikii. Ukizidisha, inaamka polepole. Kaka aliendesha hivyo hadi alipolazwa, na hakuanguka hata mara moja.

Sasa fundi alimsikiliza mdogo wetu huku akijifuta mikono kwa kitambaa.

"Njia ni mbili, bwana mdogo. Nikufunge kwenye rola tukushonee ya kwako, au nikuwekee ramani ya kiwandani, ambayo iko tayari."

"Ya tayari. Nina mizigo ya watu."

"Hiyo imepimwa kwa mtu yeyote. Ni suruali ya dukani."

"Mimi ndiye huyo mtu yeyote, fundi. Umewahi kuniona na fundi cherehani?"

Fundi alicheka kidogo, akanigeukia. "Dada, nikiweka hii, ile ya marehemu inafutika. Na nakala sina, ilipotea na kompyuta yangu ya zamani. Unasemaje?"

Wote wawili wakanitazama. Tangu msiba mimi ndiye ninayeulizwa: nguo zake apewe nani, kitanda kitolewe lini, laini ya simu ifungwe au iachwe. Nilikuwa nimechoka kuulizwa.

"Dada," mdogo wetu akasema taratibu, "hata mimi roho inaniuma. Lakini ile ilinichelewesha mbele ya lori."

Nikaomba nipande kwanza. Fundi akafunga mikanda, akawasha. Nilivuta kidogo, haikusikia. Nikazidisha, rola ikaanza kuzunguka chini yangu, polepole, kama isiyo na haraka na mtu. Nilikaa hapo mpaka kiganja kikafa ganzi.

"Futa," nikasema.

Kazi yenyewe haikuchukua hata muda wa kunywa kikombe cha chai. Mdogo wetu akatoka nayo kuijaribu, nami nikasimama nje kumsubiri. Pikipiki zilipita, moja baada ya nyingine. Moja ikanipigia honi nyuma yangu, nikasogea kuipisha. Kumbe ni yeye.

"Umeisikia?" akauliza. "Inaitika hapo hapo."

"Nimeisikia," nikamdanganya, nikapanda nyuma yake.