Mguu wa Kremena

Kila Juni, mashindano ya tenisi ya wanawake yalipofika Kyustendil, mji wa milimani, Kremena Doycheva na Radina Toncheva walilala chumba kimoja nyumbani kwa Mama Tsonka. Hoteli ilikuwa ya wenye makocha na wafadhili. Wao wawili walikuja kwa basi, kila mmoja na begi lake la raketi, na kwa Mama Tsonka walipata kitanda, banitsa ya moto, ule mkate wa tabaka wenye jibini, asubuhi, na cheri za kuchuma wenyewe mtini. Radina alimzidi mwenzake miaka sita, na ndiye aliyemfundisha yale yasiyofundishwa uwanjani: namna ya kufua soksi zilizojaa udongo mwekundu, namna ya kumjibu mwandishi wa habari bila kumwambia kitu, namna ya kupata usingizi siku uliyofungwa vibaya.

Mwaka huo ratiba iliwakutanisha robo fainali.

"Kula, shoga," Radina alimwambia asubuhi hiyo, akimsogezea sahani. "Nisije nikasingiziwa nimemfunga mtu mwenye njaa."

"Jisifu tu. Leo nakutoa."

"Tangu mwaka juzi unanitoa, na mimi bado nipo."

Mama Tsonka aliwamiminia mtindi, akasema atakayefungwa ataosha vyombo vya usiku. Mumewe, Mzee Gavril, dereva wa treni mstaafu, akauliza bila kuinua macho kwenye gazeti lake: "Na atakayeshinda?"

"Atavifuta," akasema Mama Tsonka, na wote wakacheka.

Kremena alicheka pia, ila sahani aliyosogezewa hakuimaliza. Tangu majira ya baridi alikuwa akitolewa raundi ya kwanza kila alikokwenda. Hapa angalau alikuwa ameshinda mara mbili, na jana yake baba yake alimpigia simu kutoka Sliven akisema mtaa mzima unauliza habari zake. Sasa amepewa Radina, mtu ambaye yeye hajawahi kumfunga hata mara moja.

Mchezo ulianza jua likiwa kali. Radina hakuwa na nguvu za ajabu, lakini alikuwa na mkono mwepesi. Alikurudisha nyuma kwa mipira mirefu mpaka ukasahau kwamba mbele kuna uwanja, kisha akakudondoshea mpira mfupi nyuma tu ya wavu, ukakimbia na kufika umechelewa. Kremena alikimbia hivyo seti nzima, akaipoteza sita kwa nne. Seti ya pili ikawa mbaya zaidi. Akafungwa gemu nne kwa moja, watu wa majukwaani wakaanza kuzungumza mambo yao, na mzee mmoja wa mstari wa mbele akafungua mfuko wake wa mbegu za alizeti kama mtu aliyekwisha kujua mwisho wa hadithi.

Wakabadilishana upande. Kremena aliketi kwenye kiti chake, taulo kichwani. Hakuwa amepanga kitu. Hilo alilirudia moyoni siku nyingi baadaye, na lilikuwa kweli, ingawa halikumsaidia. Aliinama kufunga kamba ya kiatu, mkono ukafika kwenye kifundo cha mguu wa kulia ukabaki hapo, na alipoinua uso alikuwa tayari ameukunja.

"Umeumia?" mwamuzi akauliza kutoka kwenye kiti chake kirefu.

"Ndiyo," akasema Kremena. "Naomba mtabibu."

Mtabibu wa viungo, mwanamke aliyeitwa Ognyana, alikuja na mkoba wake akapiga goti kwenye udongo. Akauvua mguu kiatu na soksi.

"Hapa?"

"Ndiyo."

Akahamisha kidole, akabonyeza mahali pengine kabisa. "Na hapa?"

"Na hapo."

Ognyana alimtazama kidogo. Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Alitoa bandeji, akaufunga mguu vizuri na kwa upole. Kremena aliyakwepa macho yale, akatazama ng'ambo. Radina alikuwa amesimama karibu na wavu akijaribu mapigo hewani ili asipoe, uso umejaa wasiwasi. Hakuwa na wasiwasi wa mchezo, alikuwa akimhofia rafiki yake.

Waliporudi kucheza, Kremena alichechemea. Alichechemea zaidi baada ya kila pointi, na kidogo zaidi kila Radina alipomtazama. Pakapita jambo ambalo hakulitegemea. Alidhani mwenzake atapoa, atakosa mwendo wake, basi. Kumbe Radina aliacha kabisa mipira mifupi. Alipata nafasi kumi za kumdondoshea, akampigia mrefu mara kumi, katikati ya uwanja, mahali ambapo mtu mwenye mguu mbovu angeufikia bila kukimbia. Na Kremena, mwenye miguu miwili mizima, aliisubiri mipira ile na kuipiga kwa nguvu zake zote.

Angeweza kuacha. Kwenye gemu nne kwa nne angeweza kuacha, na nafsi ilikuwa ikimsuta. Lakini watu walikuwa wameanza kumshangilia, mzee wa alizeti amesimama wima, na sikio la mtu aliyezoea kufungwa ni dhaifu mbele ya makofi. Akaichukua seti saba kwa tano. Ya tatu akaichukua sita kwa tatu.

Kwenye wavu Radina alimshika bega. "Nenda ukaweke barafu sasa hivi. Usizunguke zunguke na waandishi. Begi lako niachie."

"Radina, mimi..."

"Niachie, nimesema. Umepigana."

Akabeba mabegi yote mawili, lake na la aliyemfunga, njia nzima mpaka nyumbani, akitembea taratibu ili Kremena asiachwe nyuma. Mtaani watu waliwapisha. Muuza magazeti alimwambia Kremena kwamba wanawake wa siku hizi wana moyo kuliko wanaume. Kremena akatamani ardhi ipasuke immeze.

Nyumbani ikawa balaa la huruma. Mama Tsonka alimketisha kwenye kochi, akauweka mguu juu ya mto wa sherehe, ule wenye tarizi ambao hata wajukuu zake hawakuruhusiwa kuugusa. Akasugua kifundo kwa rakia kali mpaka sebule yote ikanuka pombe, akimpa pole kila aliposugua.

"Haujavimba sana," akasema, akiugeuza huku na huku.

"Bandeji imezuia," Kremena akajibu. Akashangaa jinsi uwongo wa pili unavyotoka wepesi kuliko wa kwanza.

"Mimi na mguu huu nisingeweza hata kusimama. Gavril, umemwona mtoto huyu?"

"Nimemwona," akasema Mzee Gavril.

Radina alikuwa ameshafua nguo zake na za mwenzake na kuzianika uani, maana basi lake la kurudi Burgas lilikuwa la kesho asubuhi. Sasa alikuwa jikoni akiponda kitunguu kwa chumvi, dawa ya michubuko na miteguko yote ya viungo kwa mujibu wa Mama Tsonka. Mlio wa kinu ulimfikia Kremena pale kwenye kochi. Mama Tsonka akatoka kwenda kwa jirani kuomba kitambaa safi, mumewe akasinzia, na ghafla mbingu ikapasuka. Mvua ya milimani haipigi hodi.

Kremena aliona nguo kupitia dirishani, zikianza kulowa. Akaruka. Hakufikiri kitu; alivuka sebule kwa hatua chache, akashuka ngazi mbili mbili, akakimbia uani peku, akanyofoa fulana na sketi na taulo kwenye kamba, akazikumbatia kifuani na kurudi mbio. Alifika mlangoni akihema, nywele zimelowa, karibu acheke.

Radina alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la kitunguu mkononi.

Mvua ilipiga vigae. Radina aliutazama mguu wa kulia, kisha wa kushoto, kisha uso wa Kremena. Akaliweka bakuli chini polepole, kama mtu anayeogopa kumwaga.

"Mguu hauna kitu," akasema.

Kremena alizikumbatia zile nguo zaidi. "Hauna," akasema.

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu mwanzo."

Radina akaitikia kwa kichwa mara kadhaa. Macho yake yalikuwa mekundu, labda kwa kitunguu. "Nilikuwa na ile mipira yangu mifupi. Kila pointi nilikuwa nayo mkononi. Unajua kwa nini sikuipiga?"

"Najua."

"Hujui. Ngoja nikwambie, maana nataka ulisikie kwa mdomo wangu. Nilijiambia, nikimkimbiza Kremena na mguu ule, akiukata mshipa, nitamtazamaje baba yake? Nilimfikiria baba yako, mpumbavu mimi. Gemu nne kwa moja, na mimi namfikiria mzee wa Sliven."

"Nisamehe."

"Usiniombe msamaha na nguo zangu mikononi. Lete."

Kremena akampa nguo zote, hata zake. Radina akachambua zake mojamoja, akampa zilizobaki, akapanda juu. Hakusubiri asubuhi. Alipakia begi, akamwambia Mama Tsonka kwamba amepata habari ya mwanawe kuwa na homa, akambusu mashavuni, akatoka na mwavuli wa kuazima kwenda kushika basi la jioni la Sofia, aunganishe huko la Burgas. Hata wakati ule alimfichia mwenzake. Hilo ndilo lililomchoma Kremena kuliko tusi lolote.

Usiku huo aliosha vyombo peke yake, na Mama Tsonka akamgombeza kwa kusimama na mguu mgonjwa, kisha akaufunga kwa kile kitunguu.

Jumamosi ilikuwa nusu fainali. Kremena aliamka amekata shauri kwamba hatafunga bandeji na hatachechemea, na akaona kwamba hapo atakuwa amemaliza deni lake. Lakini habari ya mguu ilikuwa imeenea mji mzima. Alipoingia uwanjani watu walisimama. Mama Tsonka alikaa mstari wa pili amevaa gauni la kanisani, akiwaambia majirani kushoto na kulia kwamba ni kitunguu, kitunguu na chumvi, anayetaka amwulize yeye. Mpinzani alikuwa msichana wa Hungaria, Boglárka, asiye na huruma hata chembe. Alimkimbiza kila pembe ya uwanja. Kremena akakimbia, akazifikia zote, na kila alipofika watu walipiga kelele za mshangao kwa mguu ule uliofanya maajabu. Aliucheza mchezo bora wa maisha yake, na hapakuwa na pigo hata moja aliloweza kulifurahia.

Akashinda. Mtangazaji wa klabu akashuka uwanjani na kipaza sauti, jasho linamtiririka kwa furaha.

"Kremena, kila mtu hapa anauliza jambo moja. Mguu vipi?"

Angeweza kusema umepona. Lingekuwa hata si uwongo. Aliona Mama Tsonka akiinuka kidogo kwenye kiti chake, akingoja kutajwa.

"Mguu haukuwa na kitu," akasema Kremena.

Mtangazaji akacheka. "Umepona kabisa, eti."

"Haukuumia. Jana nilikuwa nafungwa, nikadanganya. Radina Toncheva alinionea huruma, hakunikimbiza, ndiyo maana nikashinda. Yeye ndiye aliyestahili kuwa hapa leo."

Sauti yake ilitoka kwenye spika zote nne, ikagonga ukuta wa klabu na kumrudia. Mtangazaji aliushusha mkono wenye kipaza sauti. Hakuna aliyezomea, ingekuwa nafuu. Watu walianza tu kukusanya kofia na mito yao ya kukalia, wakitazama chini, kama waliofungua mlango wa bafu wakamkuta mtu. Mama Tsonka alikaa. Mikono yake ilikuwa mapajani, na majirani zake hawakumtazama.

Msimamizi wa mashindano alimwita ofisini, akamwambia matokeo hayabadiliki, Radina harudishwi, na faini ataipata kwa maandishi. "Kama ulitaka kumsaidia," akasema, akivua miwani, "ungesema jana, mchezo ukiwa bado."

Nyumbani Mama Tsonka alimpakulia supu kama kawaida. Mto wa tarizi ulikuwa umerudi kabatini.

"Ningekupa kitunguu hata usingeumwa," mama akasema hatimaye, akimpa kisogo. "Ungeniambia tu kwamba unaogopa kufungwa. Mimi nimeishi na Gavril, asiyelala akifungwa karata, miaka arobaini na miwili, naijua hofu ya kufungwa."

"Mama Tsonka, nimekuaibisha mbele ya watu."

"Umeniaibisha, ndiyo. Kula, inapoa."

Mzee Gavril alisogeza mkate upande wa Kremena.

Fainali ya Jumapili haikuchukua muda. Majukwaa yalijaa nusu tu, na pointi zake zilipokelewa kwa ukimya. Alifungwa seti mbili, akapeana mkono na mshindi, akapokea sahani ya mshindi wa pili na kuiweka begini bila kuitazama. Kabla ya kwenda kituo cha mabasi alipiga namba ya Radina. Aliipiga mara tatu. Mara ya tatu ikapokelewa.

"Nimesikia," Radina akasema. Nyuma yake kulikuwa na sauti ya mtoto na ya televisheni. "Watu hawakai na neno. Eti ulisema kwenye kipaza sauti."

"Nilisema."

"Walikupigia makofi?"

"Hapana."

"Afadhali. Wangekupigia makofi ningekata simu hii."

Kremena alisikia mtoto akiomba maji, na Radina akimwelekeza kikombe kilipo.

"Wiki ijayo utakwenda Pazardzhik?" Kremena akauliza.

"Nitakwenda."

"Kile chumba cha..."

"Hapana. Chumba nitatafuta changu." Radina akashusha pumzi. "Na wewe utafute chako. Tukikutana uwanjani nitakusalimu, sina ugomvi wa mtaani. Lakini kulala chumba kimoja nawe, hapana. Sijui kama itarudi. Usiniulize lini."

"Sitauliza."

"Haya. Mtoto ananiita."

Simu ikakatika. Basi la Sliven lilikuwa limeshafungua milango. Kremena alipanda, akaketi dirishani, begi la raketi mapajani, na abiria wa kiti cha pili alipomwuliza kama ni yeye yule mchezaji wa tenisi, akajibu kwamba ni yeye.