Gharama ya Shikamoo

Mzee Taratibu hakuwa na ugomvi na mke wa mwanawe. Alichokuwa nacho ni heshima, tena heshima iliyopita kiasi: tangu binti huyo aolewe, hawakuwahi kuzungumza ana kwa ana. Mezani, mzee akitaka chumvi, aliuliza ukuta ilikokwenda, na mkewe ndiye aliyejibu.

Kisha kampuni ya mbao waliyoifanyia kazi wote wawili ikaleta winchi, mashine ya kuvuta magogo kwa kebo.

Shamba la misonobari lilikuwa kwenye mlima wa kupanda kwa mikono na magoti. Trekta lilikuwa limepinduka huko, na ng'ombe wa kukokota magogo walikuwa wamegoma, wakiwa na akili zao timamu. Winchi ikasimikwa juu, kando ya barabara, na kebo yake ya chuma ikateremshwa hadi bondeni. Mkwe, aliyesomea mitambo, akakabidhiwa usukani. Mzee akapelekwa chini kufunga magogo kwa minyororo. Kati yao palikuwa na redio ya upepo tu, na amri moja: juu asivute mpaka chini aseme.

Asubuhi ya kwanza winchi ilinguruma bure kitambo kizima.

"Shikamoo, baba," redio ikasema hatimaye.

Mzee akatazama huku na huku. Mkewe hakuwepo.

"Marahaba, mama. Umeamkaje?"

"Salama. Naomba usogee kidogo, gogo lisije likakugeukia."

"Nimesogea. Vuta."

Basi, maji yakapata mkondo. Kila gogo lilipanda na habari zake: mtoto anaota jino, paa linavuja, kuku anatagia uvunguni. Mzee akagundua kwamba mkwewe ana utani. Siku alipomwigiza msimamizi anavyoogopa kuchungulia bondeni, mzee alicheka mpaka akakaa kwenye kisiki.

Kampuni haikucheka. Dizeli ilikuwa inakwisha haraka kuliko mbao zinavyoingia sokoni, ikamwita mtaalamu wa ufanisi. Alisimama mteremkoni siku nzima, mkono mmoja umekumbatia mti, mwingine umeshika saa.

"Kuvuta gogo ni kazi ya dakika," akamwambia msimamizi. "Kinachokula muda ni shikamoo. Mashine inakunywa dizeli, watu wanaulizana hali ya kuku."

"Lakini ni mtu na mkwewe," msimamizi akasema.

"Kwenye hesabu zangu hakuna mkwe."

Mzee akahamishiwa kwenye kitalu, kumwagilia miche. Chini akawekwa mfungaji mwingine, mwepesi kama kima, na redio ikaondolewa, naye akapewa filimbi: mlio mmoja vuta, miwili simama. Nyumbani, kimya kikarudi mahali pake.

Magogo sasa yalipanda kama siafu. Yakajaa kando ya barabara, yakarundikana hadi kufunika kibao cha usalama kazini. Kwa kuwa lori lilikuwa moja, na barabara yenye kona kila hatua, hapakuwa na wa kuyaondoa kwa kasi hiyo. Ikabidi winchi izimwe kila siku kabla ya saa sita mchana. Magogo yaliyokaa yakaanza kuingia ubuluu, ule ukungu unaotia mbao madoa, wanunuzi wakashusha bei, na wezi wakashusha magogo yenyewe. Mtaalamu alikwisha kuondoka. Ripoti yake iliisifu kasi.

Kampuni ikaona rundo linahitaji mlinzi, mtu mzima asiye na haraka.

Siku hiyo mzee alipofika barabarani na fimbo yake, alimkuta mkwewe amekaa kando ya winchi iliyozimwa, hana la kufanya. Hapakuwa na redio, wala mkewe. Mzee akakohoa. Akaliangalia rundo kana kwamba anatafuta gogo la kumjibia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama." Akamtazama usoni. "Hapo jua kali. Njoo huku kivulini. Yule msimamizi, hebu mwigize tena, nami nione."

Mkwe akasimama, akajishika kiuno, akachungulia bondeni huku magoti yakigongana.

Lori lilipofika liliwakuta katikati ya mchezo. Dereva akazima injini, akateremka, akatafuta gogo la kukalia.