Mstari Mwekundu kwenye Chupa ya Pili

Jumamosi ya tarehe kumi na tano Machi 2025, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, gari la Walubengo lilikataa kwenda pale Mamboleo, na posa ya mwanawe wa pekee ikawa karibu kukwama nalo.

Mwanawe, Waswa, na wajomba zake walikuwa wametangulia Pap Onditi, nyumbani kwa bi harusi. Walubengo alibaki nyuma kuchukua blanketi la zawadi ya nyanya yake bi harusi. Na Mzee Ondiek, baba yake bi harusi Seline, hakuwa amezungusha maneno: saa sita ikipita kabla baba ya kijana hajafika, lango linafungwa, mrudi Desemba.

"Ni hawa wakubwa," Walubengo aliwaambia watu wa bodaboda waliomsaidia kusukuma. "Barabara wamechimba wakaiacha. Petroli wanachanganya na mafuta ya taa. Gari la mtu litapona vipi?"

Tangu mkewe Emmaculate afariki miaka miwili iliyopita, hakuna kitu kilichoharibika kwake ambacho wakubwa hawakuwa na mkono ndani yake. Hata jogoo wake alipokufa, aliilaumu kaunti.

Walimsukuma hadi kwa Adero, mjane aliyeachiwa gereji na mumewe akampita mbali kwa ufundi. Alikuwa anakunywa uji, ovaroli imemkaa kama sare ya jeshi.

"Limefanyaje, Mzee?"

"Limewasha taa ya pembetatu nyekundu, likagoma. Na maji nilijaza jana mimi mwenyewe kwenye redieta. Serikali hii—"

"Serikali haiko chini ya bonneti. Fungua."

Alichungulia, akawasha gari, akasikiliza. "Injini ni nzima. Lakini hili ni haibridi, Mzee, lina maji mara mbili. Ya injini, na ya inveta, hili sanduku linaloendesha umeme wa betri kubwa. Hizo nyaya za rangi ya machungwa usiguse, tusije tukakuzika kabla ya harusi."

Akafungua chupa ndogo ya plastiki kando ya sanduku. "Angalia. Maji yanacheza?"

"Yamelala tu. Tena yako chini kabisa, kama supu ya hoteli."

"Pampu ikifanya kazi ungeyaona yanaruka." Akapima fyuzi, iko sawa. Akachomoa waya wa pampu, akagusisha testa, umeme unafika. Akaishika pampu yenyewe, haikutetemeka hata kidogo. "Imekufa. Imezunguka kavu mpaka ikaungua. Chupa hii hujazwa na nani?"

"Chupa gani? Mimi najua redieta."

Adero akafuta vumbi kwa kidole. Ubavuni mwa chupa ukatokea mstari mwekundu wa rangi ya kucha, alama ya mahali maji yanapotakiwa kufika.

Rangi ile Walubengo aliijua, ilikuwa ya kucha za mkewe. Kila Jumapili wakitoka kanisani, Emmaculate alikuwa akiinama chini ya bonneti na kopo lake la maji, naye Walubengo amekaa barazani na gazeti, anamcheka kwamba anapangusa vumbi mahali ambapo hakuna mtu ataona. Mdomo wake ukatafuta mtu wa kulaumu: gavana, waziri, diwani. Wote siku hiyo hawakupatikana.

"Basi ni mimi," akasema.

"Ni wewe. Na usilie juu ya injini yangu, machozi yana chumvi, yanaleta kutu."

Walubengo akacheka mpaka akajishika mbavu, kicheko ambacho hata yeye alikuwa amekisahau.

Adero akatoa rafuni pampu iliyotolewa kwenye gari la Japani. Akaibana mipira ya maji isimwage, akafungua boliti, akang'oa ile mfu na kufunga nyingine, kisha akamimina kulanti, yale maji ya kupozea ya rangi ya waridi, hadi kwenye mstari wa Emmaculate. Mapovu yakatoka, yakapungua, halafu maji yakaanza kuruka.

"Yanacheza! Mama, yanacheza!"

"Nimeona. Lakini hewa imebaki ndani. Lazima chupa ifunguliwe tena njiani, itoke."

"Nitafungua."

"Wewe? Chupa yenyewe umeijua leo." Akavua ovaroli, ndani akiwa na gauni la maua, akanawa mikono, akaingia mbele.

Walipofika Ahero walisimama kuitoa hewa. Adero akaongeza kulanti kidogo, wakaondoka. Pap Onditi walifika saa sita kasoro dakika tano, lango bado wazi, vigelegele vikawapokea. Walubengo alipokuwa anaegesha, ni Adero aliyeshuka na blanketi na kumkabidhi nyanya yake Seline kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa mama wa kijana afanye.

Nyanya akalipokea. Akautazama mkono uliompa, wenye mafuta meusi kwenye kucha.

"Waswa alituambia mamake hayuko tena," akasema kwa sauti ya kusikika uani kote. "Sasa Mzee, huyu ni nani kwako?"

Vigelegele vikakatika. Wajomba wakamgeukia Walubengo. Walubengo akatazama bonneti. Adero akafungua kitambaa chake cha kichwa na kuanza kukifunga upya.

"Nimeuliza, jamani," nyanya akarudia. "Ni nani?"