Nkirote Hayuko Seattle

Uongo wenyewe Nkirote aliutunga akiwa kwenye foleni ya duka la dawa, siku mbili kabla ya kupasuliwa: kazini wanampeleka Seattle, mafunzo, wiki sita. Akampigia mama yake huko Champlin, mwendo wa nusu saa kwa gari, akamwambia hivyo, na akaongeza kwamba ile operesheni imeahirishwa. Mama yake, Alice, akauliza kama Seattle kuna baridi. Basi. Mtu mzima wa miaka thelathini na mmoja akakata simu akijisifu kwa jinsi alivyoyamaliza mambo.

Alikuwa na sababu zake, tusimwonee. Wakenya wa Minnesota hawamwachi mgonjwa augue peke yake. Ukilazwa Jumatatu, Jumanne wamama wa kanisa wamejaa sebuleni na sufuria za chapati, wanaomba, na katikati ya maombi hakosi mmoja anayetaka kujua umepasuliwa wapi hasa. Nkirote alilelewa kama mvulana. Miaka mitatu iliyopita alipowaambia wazazi kwamba yeye ni mwanamke, baba yake, Gilbert, aliinuka mezani, na hawajakaa meza moja tangu siku hiyo. Mama aliendelea kupiga simu kila Jumapili baada ya ibada. Lakini alipoambiwa mwezi wa Oktoba kwamba operesheni ya kubadilisha maumbile itakuwa Februari, alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama gari limebadilishwa matairi ya theluji. Nkirote akajua amekataliwa. Hakuuliza, alijua tu, kama wanavyojua watu walioumizwa mara nyingi, na mara nyingi hukosea.

Kwa hiyo aliyemleta nyumbani kutoka hospitali ni jirani yake wa mtaa wa Frogtown, Pascasie, Mkongo mshona mapazia, mwenye moyo mkubwa na asiyejua kuuguza hata paka. "Tulia apo, dada," alikuwa akimwambia kila alipokosa la kufanya. "Ntakuletea chai." Chai ikaletwa, nyingine, na nyingine.

Bandeji zilipotolewa na mpira wa mkojo ukaondolewa, nesi alimfundisha kutumia vijiti laini vya plastiki, mara nne kwa siku, dakika ishirini kila mara, ili mwili usijifunge pale ulipofunguliwa. Nkirote alilala chali akiikodolea macho dari, taulo chini yake, akipumua polepole kama alivyoelekezwa. Alikalia mto wenye tundu katikati. Alitembea miguu imeachana, mkono ukutani. Kwenda haja kubwa ilikuwa safari ya kuombewa. Alilia kwa maumivu, na siku nyingine alilia kwa furaha, maana alipojitazama kwa kioo cha mkononi, pamoja na uvimbe wote na nyuzi, alijiona yeye. Operesheni hakuijutia hata siku moja, na hilo lieleweke. Majuto yalikuja kwa mlango mwingine, wiki ya pili, alipotamani mtu wa kumwosha mgongo bila kuombwa.

Na hiyo ndiyo kazi ya mama yake. Alice ana miaka ishirini akiwaogesha wazee wa watu, akiwageuza kitandani, akiwabadilisha shuka bila kuwaaibisha. Anajua maji yawe moto kiasi gani kwa kutia kiwiko tu. Nkirote aliwaza hayo, akainua simu, akairudisha mezani. Angeanzaje? Yeye yuko Seattle. Jumapili mama alipouliza huko kukoje, alijibu kuna mvua, mvua tu.

Wiki ya tatu theluji ilianguka siku nzima, na jiji likatangaza kwamba magari yaliyoko upande mmoja wa barabara yahamishwe ili theluji izolewe, la sivyo yatavutwa. Gari la Nkirote lilikuwa upande huo huo, na daktari amemkataza usukani na koleo la theluji. Akalala akijua limekwenda. Asubuhi alichungulia dirishani, akaliona limeegeshwa ng'ambo ya barabara, limefutwa theluji hadi kwenye taa. Akamtumia Pascasie ujumbe wa kumshukuru. Pascasie, aliyekuwa ameshukuriwa kwa mambo mengi siku hizo, akajibu kwa kidole gumba.

Ilipotimia wiki ya sita, Nkirote alichoka kukaa Seattle. Jumapili mama alipopiga, alimkatiza hata kabla ya salamu.

"Mum, siko Seattle. Sijawahi kuenda. Nilifanyiwa ile operesheni. Niko hapa kwa nyumba."

"Najua," Alice akasema.

"Unajua? Nani alikuambia?"

"Hakuna mtu. Siku ile ya snow emergency nilikuja ku-move gari yako. Si niko na spare key? Nikasema mtoto amesafiri, wata-tow gari yake bure. Nikimaliza kutoa snow nikaangalia juu, nikakuona kwa dirisha. Unatembea polepole, umeshika ukuta. Hiyo kutembea naijua. Nimeona wamama wangapi wametoka kuzaa?"

"Na hukupanda juu?"

"Ulikuwa umeniambia uko Seattle." Hakukuwa na hasira katika sauti yake, na hilo ndilo lililomkata Nkirote maini. "Nikasema, hataki nimwone. Lakini atapiga simu. Kila Sunday nilikuuliza Seattle iko aje, ndio upate pa kuanzia."

Nkirote akajieleza. Wamama wa kanisa, maombi, baba, kimya kile cha Oktoba. Alice akamwacha amalize yote.

"October sikujua niseme nini," akasema. "Lakini wiki hiyo hiyo nilienda ku-request leave. Six weeks. Kuna fomu inauliza unaenda kuuguza nani. Nikaandika binti yangu. Supervisor akafurahi, akaniuliza, Alice, binti yako anazaa? Nikamwambia hapana, lakini nitamwangalia vile wanaangaliwa."

Nkirote akaketi kitandani vibaya, akaumia, asijali. Kwao binti akijifungua, mama yake huja, hata kama ni kupanda ndege kutoka Meru hadi Minnesota. Humpikia maharage meusi ya njahi na uji wa wimbi, humkanda kwa maji ya moto, na mzazi hainuki mpaka mama yake aseme ainuke. Nkirote alikuwa amekwisha kujiambia kwamba hayo si yake, kwa kuwa hatazaa. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba yalimuuma. Kumbe alikuwa ameandaliwa hayo yote, na yeye mwenyewe ndiye aliyefunga mlango.

"Hiyo leave uli-cancel?"

"Ilikuwa imeshaanza uliponipigia. Njahi nilikuwa nimechemsha, nikapelekea msichana wa Susan wa church, yule alipata mapacha. Halafu nikakaa tu. Baba yako akadhani mgonjwa ni mimi."

"Mum, nisamehe. Njoo leo. Bado nina maumivu, bado siwezi kujiosha, siwezi..." Akajisikia akiongeza chumvi kama mtoto asiyetaka kwenda shule. Asubuhi hiyo alikuwa amejiosha mwenyewe, akapika, akatandika kitanda. Juzi daktari alimruhusu kuendesha gari. Alikuwa amepona, na kwa mara ya kwanza alisikitika kwamba amepona.

"Leave imeisha Friday," Alice akasema kwa upole. "Kesho naingia kazi. Nitakuja Sunday ijayo baada ya church. Lakini nitapiga kwanza, nijue kama uko."

Nkirote akafuta pua kwa mkono wa nguo. Akamuuliza mama yake, kama anavyoulizwa mgeni yeyote, angependa apikiwe nini.