Glasi ya Mgeni

"Mama hajambo kabisa, kama unavyomwona," alisema binti, akilivuta shuka ambalo tayari lilikuwa limenyooka. "Tunamtunza kama yai. Waulize majirani."

Mpelelezi hakuwauliza majirani. Alisimama katikati ya chumba, mkoba begani, akatazama. Shuka jeupe, limepigwa pasi. Sakafu unaweza kujitazama uso. Hapakuwa na harufu hata kidogo, si ya dawa, si ya mkojo, na hilo ndilo lililomkera. Alikuwa ameingia vyumba vingi vya watu wasioweza kuinuka kitandani. Hata wanaotunzwa kwa mapenzi yote huacha harufu kidogo, kwa kuwa mwili ni mwili. Hapa palinukia sabuni tu.

Kazini walimwita Kupe. Jina alipewa na dereva wa idara, siku aliyomsubiri nje ya nyumba moja mpaka akalala, akaamka, akalala tena. "Yule mama akiingia kwa watu anaganda kama kupe," dereva aliwaambia wenzake, na basi, jina likashika, mpaka mkuu wa idara naye akawa analitumia bila kucheka. Mwenyewe hakuona ubaya. Kazi ya idara yao ilikuwa kuwalinda watu wazima wasioweza kujilinda, wazee na walemavu, na yeye alisema afadhali kupe kuliko kipepeo. Kipepeo mmoja, mwenzake wa idara, alikwisha kufika nyumba hii wiki iliyopita, baada ya jirani kupiga simu kwamba kuna mtu anaita mchana kutwa. Akagusa, akaruka, akaandika: mazingira safi sana.

"Shikamoo, mama," Kupe alisema, akimwinamia mwanamke aliyelala.

Mama alimtazama bila kujibu. Midomo yake ilikuwa imekauka na kupasuka pembeni.

"Usijisumbue, dada," binti alisema. "Akili zimeshakwenda. Tangu apooze miguu ndiyo hivyo. Mara amwite marehemu baba, mara aite watu wa mahakamani. Si ndiko alikofanya kazi? Alikuwa anasimama mlangoni anaita majina ya wenye kesi. Sauti aliyokuwa nayo! Mtu ameshafika kituo cha basi anatoroka, akisikia jina lake anarudi mwenyewe."

Alicheka kidogo, kisha akatoka, akarudi na maji ya mgeni kwenye sinia. Kupe aliipokea glasi, akashukuru. Hapo ndipo alipoyaona macho ya mama. Hayakumtazama yeye tena. Yalikuwa kwenye glasi. Kupe akaihamishia mkono wa kulia, macho yakaifuata. Akairudisha kushoto, yakarudi nayo.

Aligeuka kukitazama kimeza cha kando ya kitanda. Redio ndogo. Chanuo. Maua ya plastiki. Hapakuwa na kikombe, wala chupa, wala alama ya mviringo ambayo kikombe huiacha kwenye mbao. Akaushika mkono wa mama, akaibana ngozi ya nyuma ya kiganja na kuiachia. Ngozi ilibaki imesimama, haikurudi. Akaisogeza glasi mdomoni mwa mama.

"Usimpe!"

Mkono wa binti ulikuja mbio kiasi cha kumwaga nusu ya maji sakafuni. Wote wawili wakayatazama yale maji.

"Kwa nini nisimpe?"

Binti alisema kwa sauti ndogo, "Atalowesha."

Kisha ile sauti ndogo ikampasuka. "Wewe unajua kumbeba mtu mzima? Unajua? Kumtoa hapa mpaka chooni, kumrudisha, hujakaa anataka tena! Niko peke yangu. Mgongo umekwisha, nalala kifudifudi kama mtoto. Kaka yangu akipata nafasi anakuja, anasimama hapo mlangoni, anasema mama amependeza, huyoo, kaondoka. Nampa vijiko vya chai asubuhi, nampa jioni, siku inapita. Amekufa? Si huyo hapo?"

Kupe alimwonea huruma. Aliuona ule mgongo, ulivyopinda upande mmoja binti aliposimama. Alimwonea na hasira, kubwa zaidi ya huruma, na hakuificha.

"Nakuelewa," alisema. "Na unachomfanyia mama yako ni ukatili. Hizo akili unazosema zimekwenda, ni kiu. Niletee kijiko."

"Naomba utoke kwangu."

"Chumba ni cha mama. Sheria yetu inasema anayeweza kunifukuza ni mwenye chumba. Akisema toka, nitatoka."

"Si nimekwambia hawezi kusema!"

"Basi nitangoja aweze."

Akavuta kigoda, akaketi. Kijiko hakikuletwa, kwa hiyo alitumia kifuniko cha chupa iliyokuwa mkobani mwake. Aliyatia maji kidogo kidogo, akingoja koo lisogee kabla ya kuongeza, maana aliyekauka hanyweshwi kwa pupa. Sebuleni binti alikuwa anaongea na kaka yake kwenye simu, huku analia. Haukupita muda, simu ya Kupe nayo ikaita. Alikuwa mkuu.

"Kupe, uko wapi?"

"Kazini, mkuu."

"Toka humo sasa hivi. Mtoto wa huyo mama amenipigia. Unajua ni nani yule? Na faili lile lilishafungwa."

"Lifungue. Na unitumie daktari, tafadhali."

"Unanipa amri?"

"Naomba, mkuu. Lakini sitoki."

"Ukiendelea kukaa humo, kesho usije ofisini."

Alikuwa na mume aliyeachishwa kazi na watoto wanaokula kama mchwa, na hakuna mwingine nyumbani mwake aliyeleta mshahara. Aliogopa, tena sana. Akamtazama mama, ambaye alikuwa ameshafungua mdomo kungoja kifuniko kingine.

"Nitakuja hivyo hivyo," alisema, akaizima simu.

Mchana ukasogea. Binti alipita mlangoni mara kadhaa, mara na ufagio, mara mikono mitupu. Safari moja alipita akaacha jagi la maji kizingitini, kwa kishindo, akaondoka. Kupe aliendelea na kifuniko, kisha akahamia kwenye glasi. Jua lilikuwa limefika miguuni pa kitanda mama alipoumeza mkupuo mzuri, akapumua, akamgeuzia uso.

"Marahaba," alisema.

Kupe nusura aangushe glasi. Ile shikamoo alikuwa ameshaisahau. Mama alikuwa ameisikia, akaishika saa zote hizo mpaka apate mate ya kuijibia.

Nyuma yao ufagio ulianguka. Binti alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni.

"Mama?"

Kabla binti hajapiga hatua, mlango wa mbele ulifunguliwa na viatu vikaja vikigonga sakafu. Alikuwa kaka mtu, shati limenyooka, funguo za gari mkononi. Aliingia bila kubisha.

"Wewe ndiye Kupe? Toka. Nitakushtaki, tena nitahakikisha hupati kazi popote."

"Nishtaki," Kupe alisema bila kuinuka. "Mimi huko mahakamani nataka nikusikie ukieleza mara ya mwisho kumpa mama yako maji ilikuwa lini."

"Unanijua mimi?"

"Ndiyo kwanza nakuona. Hata hapa nyumbani nadhani ndivyo wanavyosema."

"Kaka, ngoja kwanza, mama amesema—" binti alianza.

"Na wewe nyamaza! Kazi yenyewe moja tu, kumwangalia mama, imekushinda mpaka watu wa serikali wanaingia!"

"Imenishinda? Njoo uifanye wewe basi! Njoo!"

Wakaanza kupigiana kelele juu ya kitanda, kila mmoja akimnyooshea mwenzake kidole, na Kupe katikati akiwa amelifunika jagi kwa mkono lisimwagwe.

"KIMYA!"

Sauti ilitoka kitandani. Ilikuwa na mikwaruzo, lakini ilikuwa ni ile yenyewe, iliyokuwa ikiwarudisha watu kutoka kituo cha basi. Kaka mtu alinyamaza kidole kikiwa hewani. Hata Kupe alikaa wima.

Mama aliwatazama mmoja mmoja, polepole, hakuwa na haraka.

"Huyu haondoki," alisema, akimwonyesha Kupe kwa kidevu. "Mimi mwenyewe siendi kokote. Nyumba ni yangu. Nataka maji, nayataka hapa, mkono ufike." Akapumzika. Pumzi ilipomrudia, alimtazama binti yake, na sauti ikashuka. "Wewe umeniua kwa kiu. Nilikuwa naita, unanisikia, unaongeza redio."

Binti alijishika kiuno, akainama, akalia bila sauti. Hakusema si kweli.

"Utaniandika?" alimuuliza Kupe, kamasi zikimtiririka.

"Nitakuandika. Na kaka yako nitamwandika."

"Mimi nimefanya nini?" alisema kaka mtu.

Mama alikuwa ameshamwita kwa kiganja, vile anavyoitwa mtoto. "Wewe. Njoo. Nataka chooni."

"Mama, dada si yupo..."

"Nimekuita wewe."

Mtu mkubwa aliziweka funguo za gari kitandani. Alijaribu kumshika mama mabegani, akamshika kwapani, hakujua aanzie wapi. "Kiuno, bwana! Unanitoa bega!" mama alifoka. Binti alisogea kusaidia. Kupe akamshika mkono, akamzuia, akamketisha.

Waliondoka hivyo, mwana akihema, shati limeshatoka kwenye suruali, mama ameng'ang'ania shingo yake na kumwelekeza kila hatua. Mlango wa choo haukufungika. Wakawasikia wakihangaika, kitu kikaanguka, mama akamlinganisha mwanawe na marehemu baba yao. Halafu pakatulia, na mkojo ukaanza. Ulikuja kwa shida, ukakatika, ukaja tena, safari hii mrefu. Binti alikaa ukingoni mwa kitanda cha mama yake, mikono mapajani, akiusikiliza.